Soma Lebo Kwanza: Handeni na Korogwe Ndani ya Makabati ya Chuo

Kwa wanachuo wengi hapa Mlimani, Handeni na Korogwe ni majina ya njiani tu. Basi la Arusha linapita Mkata, Kabuku, Segera, linasimama Korogwe dakika chache, unanunua machungwa dirishani, halafu usingizi mpaka Same. Ukimwambia mwenzako kwamba sehemu hizo zimo ndani ya makabati ya vyuo vikuu na makumbusho makubwa duniani, anakucheka. Atakuuliza, hivi huko kuna nini zaidi ya mkonge na mahindi?

Mimi ni mtoto wa huko. Upande wa baba ni Korogwe, upande wa mama ni Handeni. Nasoma ualimu, na Mungu akijalia, muda si mrefu nitasimama mbele ya darasa langu mwenyewe. Makusanyo ya chuo chetu nilianza kuyatembelea kwa sababu ya somo. Nimeendelea kwenda kwa sababu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakiruka macho, yaani kile kipande cha karatasi kinachofungwa mguuni pa ndege mkavu au kubandikwa pembeni ya jani. Lebo. Ukijifunza kuisoma, makumbusho yanageuka kabisa, na utaona kwamba mambo mengi tunayoyaita "sayansi ya wenzetu" yalianzia nyuma ya nyumba ya bibi yako.

Makumbusho ya chuo ni kitu gani hasa

Ukisikia neno makumbusho, akili inakimbilia Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert: kiingilio, vioo, taa, na habari za fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Hiyo ni sura moja, na ni nzuri. Makumbusho ya chuo yana sura nyingine. Hapa Mlimani, watu wa zuolojia wana mkusanyiko wao wa wanyama waliohifadhiwa. Watu wa botania wana hebaria, ambayo ni ghala la mimea iliyokaushwa na kupangwa kwa majina. Watu wa akiolojia, ambao kitengo chao kilianzishwa mwaka 1985, wana vigae, shanga na mawe yaliyochimbwa sehemu mbalimbali za nchi.

Hazina hizi ziliwekwa kwa ajili ya kufundishia na kutafiti. Kwa hiyo usitegemee mapambo. Utakuta makabati, droo, chupa na harufu ya dawa. Mgeni asiyeelekezwa anaweza kutoka baada ya dakika tano akisema ameona vyura kwenye chupa, basi.

Lakini chura kwenye chupa ana kazi. Chukua mfano wa chura wa Kihansi. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, akiishi mahali padogo mno penye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mara baada ya hapo maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na chura wakaisha porini. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyemwokoa ni mipango ya kuwafuga: chura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, na mwaka 2010 kundi la kwanza la uzao wao lilirudishwa hapa hapa chuoni kwetu, kabla ya kuanza kupelekwa korongoni mwaka 2012. Sasa jiulize, kama hakuna mtu aliyekuwa amemkamata, akamhifadhi, akaandika amempata wapi na lini, nani angejua kwamba kuna kitu kimepotea?

Lebo inasema nini

Twende hebaria. Mmea unakatwa ukiwa na majani, na ikiwezekana maua au matunda. Unabanwa katikati ya magazeti, unakaushwa, kisha unabandikwa kwenye karatasi ngumu. Kona ya chini inawekwa lebo. Lebo nzuri inataja jina la kisayansi, jina la aliyekusanya, namba yake ya kukusanyia, tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na mazingira: msitu, shamba lililoachwa, ukingo wa mto. Lebo nzuri zaidi inaongeza jina la mmea kwa lugha ya wenyeji na matumizi yake.

Mahali panaandikwa kwa utaratibu maalumu. Kitabu kikubwa cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na aina zaidi ya 12,000, kiligawa nchi zetu katika kanda zenye namba. Handeni na Korogwe zipo kwenye T3. Ukiona T3 kwenye lebo, ujue uko maeneo ya kwetu.

Ubao mkavu wenye jani lisilo na lebo ni uchafu tu wa kufagia. Jani hilo hilo likiwa na lebo ni ushahidi kwamba siku fulani, mahali fulani, mti huu ulikuwepo. Ukirudi pale leo ukakuta mkaa na visiki, una cha kulinganisha.

Majina yaliyotoka kwetu

Baada ya lebo, angalia jina lenyewe. Tunasoma majina ya Kilatini kama vile yameshuka kutoka mbinguni, kumbe mengine ni ya mtaani kwetu. Upo mmea wa jamii ya mitupa unaoitwa *Euphorbia handeniensis*. Hiyo "handeniensis" maana yake ni "wa Handeni", basi. Upo ua la jamii ya *Saintpaulia* lililopewa jina *magungensis* mwaka 1950. Ondoa mkia wa Kilatini, unabaki na Magunga. Mtu wa Korogwe akisikia Magunga anafikiria hospitali na mashamba ya mkonge. Mtaalamu wa maua Ulaya anafikiria ua.

Na kuna Kiswahili chenyewe. Mkilua, mti wenye ua lenye harufu ambao akina mama wa pwani wanaujua vizuri, ndio uliolipa jina jenasi zima: *Mkilua*, mwaka 1970. Vinyonga wa milimani, wakiwemo wa Usambara, walipewa jenasi yao mwaka 2006, na jina lao ni *Kinyongia*. Chura mmoja wa milima ya Ukaguru anaitwa *Churamiti maridadi*. Hilo halihitaji kamusi.

Hilo ua la *Saintpaulia* lina kisa chake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata maeneo ya Usambara na Tanga akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wa huyo ofisa. Leo ni ua la dirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui Usambara ni wapi. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia kwenye jenasi nyingine, *Streptocarpus*. Jina limebadilika, lakini mahali lilipookotwa hapabadiliki, mradi lebo ipo. Majina ni kazi ya watu, wanaweza kubishana na kuyageuza. Ile sehemu ya lebo inayosema "wapi" na "lini" haina ubishi.

Mkonge nao tuutaje, maana watoto wa Korogwe wanaamini ni mmea wa kwao tangu enzi na enzi. Asili yake ni Meksiko. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida na Hamburg, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote yale unayoyaona ukiwa kwenye basi yana lebo isiyoonekana inayosema "mgeni".

Kabati linapohama

Mtoto wa Korogwe akitaka kuona sampuli za zamani za mimea ya milima anayoiona kutoka mlangoni kwao, aende wapi? Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara ya Mashariki, na hapo hebaria kubwa ikaanza. Mwaka 1950 hebaria hiyo ilihamishiwa Nairobi, na iko huko mpaka leo. Sampuli nyingine zilikuwa zimepelekwa Berlin. Machi 1943, katikati ya vita, jumba la makumbusho ya mimea la Berlin lilipigwa bomu na sehemu kubwa ya mkusanyiko ikaungua, ikiwemo mimea ya Afrika Mashariki iliyokuwa imetumika kutolea majina.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni la kawaida: usiweke kitu chako chote sehemu moja. Ndiyo maana wakusanyaji wa mimea hukusanya nakala kadhaa za mmea mmoja na kuzigawa kwa hebaria mbalimbali. La pili linahusu sisi. Kitu kikihama, anayebaki nyumbani anabaki bila ushahidi wa kwake, na baada ya vizazi viwili anaanza kuamini kwamba kwao hakuna kitu.

Kingine cha kuangalia ni nani alipita wapi. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Wakusanyaji nao ni binadamu, wanapenda njia rahisi. Ukiona lebo nyingi zimetoka karibu na stesheni, usikimbilie kusema kwamba vijiji vya mbali havikuwa na kitu. Pengine hakuna aliyefika.

Shanga za Kwa Mgogo

Lebo ina uzito zaidi ukiingia kwenye akiolojia. Karibu na Mombo, ndani ya Wilaya ya Korogwe, kuna mahali panaitwa Kwa Mgogo. Mwanaakiolojia Jonathan Walz, ambaye mwaka 2010 alikamilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu bonde la chini la Mto Pangani, alichimba pale na kukuta shanga na vitu vilivyotokana na makombe ya baharini. Mombo na bahari wapi na wapi! Vitu hivyo vinaonyesha kwamba watu wa bara letu dogo la Pangani walikuwa wanashirikiana na pwani karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu tunayoisoma kwenye historia ya kidato cha pili.

Lakini ushanga peke yake hausemi lolote kati ya hayo. Unasema kwa sababu umeandikwa umetoka shimo gani, kina gani, tabaka gani la udongo, na ulikuwa pamoja na nini. Mtoto akiuokota akautia mfukoni, kesho ni ushanga wa kuchezea. Kwa hiyo walimu wenzangu, wanafunzi wakikuta vigae au shanga za kale, wafundisheni kuviacha pale pale na kutoa taarifa. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na hata kama isingekuwepo, sababu ndiyo hiyo.

Vinyago vya udongo

Sasa tufike kwenye utamaduni, na hapa nazungumza kama mtu wa ualimu. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi kama mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya vinyago vingi vya udongo vilivyotumika katika unyago na jando. Mwaka 1944 alichapisha makala kuhusu vinyago vya Wanguu, watu wa milima ya Nguu, ambako leo ni Wilaya ya Kilindi lakini zamani ilikuwa Handeni. Mwaka 1956 akatoa kitabu kizima kuhusu vinyago vya namna hiyo. Mkusanyiko wake wa vinyago uko Makumbusho ya Taifa, na nyaraka zake nyingi ziko hapa kwenye maktaba yetu, sehemu ya East Africana. Wangapi tumewahi kuziomba?

Kwetu sisi tunaosoma mbinu za kufundishia, kinyago hicho ni zana ya kufundishia, kama chati au modeli. Kungwi alikionyesha, wimbo ukaimbwa, na maana iliyofichwa ndani ya wimbo ikaelezwa kwa mwali. Kitu, wimbo na maelezo: vitatu kwa pamoja ndiyo somo. Kwenye kabati kimebaki kimoja. Mgeni anaona sanamu ndogo ya mnyama, anasema "wow, sanaa ya Kiafrika", anapiga picha.

Halafu kuna swali gumu zaidi. Somo lile halikuwa la kila mtu. Lilikuwa la aliyefikia umri, mahali maalumu, kwa watu maalumu. Lebo inaweza kukuambia kabila na mwaka. Ni nadra sana ikuambie nani aliruhusu. Nilipomuuliza bibi yangu wa Handeni kuhusu vinyago hivyo, aliniangalia kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mengine huulizwi mpaka uitwe." Sikumsukuma. Ila niliondoka nikijua kwamba mwalimu anapopeleka wanafunzi kuona vitu vya namna hiyo, inabidi aanze na wazee wa pale pale kijijini: lipi linasemeka mbele ya watoto na lipi libaki lilipo.

Lebo iliyo mdomoni

Wapo watu wa Handeni waliobeba historia yao bila kabati lolote. Karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa Somalia, wengi wao wakiwa utumwani, wakaishia bonde la Mto Juba. Vizazi vikapita, lakini lugha ya Kizigua haikufa. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanga. Walikaa kambi ya Mkuyu, Handeni, na tangu mwaka 2003 wakahamia makazi ya Chogo, ndani ya Handeni hiyo hiyo. Serikali yetu baadaye iliwapa uraia wengi wao.

Fikiria. Zaidi ya miaka 150 mbali na nyumbani, na kilichowaonyesha walikotoka ni maneno yaliyokuwa yakisemwa jikoni na shambani. Kazi hiyo hasa ndiyo inayofanywa na lebo: kukiambia kitu kilichohama kwao ni wapi. Ndiyo maana huwa nasikitika nikisikia mwanafunzi anachapwa kwa kuongea lugha ya kwao shuleni.

Ukienda, fanya hivi

Tuache nadharia. Kama unataka kutembelea makusanyo ya chuo, ushauri wangu ni huu:

1. Omba kwanza. Pita idara husika, sema wewe ni nani na unataka kuona nini. "Nataka kuona vitu vya Mkoa wa Tanga" ni ombi zuri kuliko "nataka kuzunguka".

2. Chagua vitu vitatu tu. Kaa na kila kimoja dakika ishirini. Kichore, hata kama huna mkono wa kuchora. Kuchora kunalazimisha jicho kutulia.

3. Nakili lebo nzima, neno kwa neno, pamoja na namba. Namba ndiyo itakayokurudisha kwenye kitu hicho siku nyingine.

4. Uliza maswali sita: Nani alikikusanya? Lini? Wapi? Kilitumikaje au kiliishije? Nani aliruhusu? Kwa nini kiko hapa na si kwingine? Maswali ambayo lebo haijajibu, yaandike pia.

5. Usishike bila kuambiwa, na usipige picha bila kuuliza. Sampuli nyingine zimepakwa dawa ya sumu kuzuia wadudu.

6. Msikilize mtunzaji. Anajua kilichomo kwenye droo ambazo hazijawahi kuandikwa kwenye kitabu chochote.

Na shuleni je?

Najua mnachowaza. Shule ya kata huko Sindeni au Bungu haina nauli ya kuleta darasa Dar es Salaam. Sawa. Lakini haihitaji nauli kuanzisha kona ya makumbusho. Inahitaji meza, maboksi, magazeti ya zamani na daftari moja la kaunta. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja: jani la mti wenye kazi nyumbani kwao, jiwe, mbegu, chungu kilichovunjika cha bibi, jembe la zamani la babu. Wanyama hai tusiguse, mifupa ya watu tusiguse, vya kale vilivyomo ardhini tusichimbue. Halafu kazi yenyewe ianze: kila kitu kipewe namba, na mwanafunzi aandike lebo. Jina kwa Kiswahili, jina kwa Kizigua au Kisambaa au lugha yoyote ya nyumbani, kimetoka wapi, lini, nani alikileta, nani alimweleza, na mwenye nacho amekubali kionekane.

Hapo umefundisha biolojia, jiografia, historia na Kiswahili kwa kipindi kimoja. Zaidi ya hapo, mtoto ameenda nyumbani kumuuliza mzee swali, na jibu la mzee limeandikwa na kuheshimiwa darasani kama jibu la kitabu. Mimi nasubiri kupangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha. Wakinipeleka Handeni au Korogwe nitaanza na miti mitano iliyo ndani ya eneo la shule. Kwanza tuone ni mingapi ambayo darasa zima linaijua jina.